Wakili Anayewaharibu Wanafunzi Asipangiwe Wanafunzi

Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya mtihani. Katika kundi moja la Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile ambayo wanasheria wenyewe huiita Law School, wanafunzi 633 walifanya mitihani na 26 tu wakafaulu moja kwa moja. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakakatishwa masomo. Redioni, mitandaoni na vijiweni watu waligawanyika. Wapo waliosema shule inawaonea vijana, na wapo waliosema vyuo vikuu vinaipelekea shule vijana wasioiva. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni.

Ulikuwa mjadala halali, kwa sababu nyuma ya kila namba palikuwa na kijana na wazazi waliouza vitu ili asome. Lakini ulitawaliwa na swali moja tu, la wangapi wamefaulu. Hao wanaofaulu wanaingia kazini wakiwa watu wa namna gani? Hilo halikupata msemaji. Mwananchi anayekwenda kwa wakili akiwa na hati ya nyumba mkononi haulizi wakili huyo alipata alama ngapi katika mwenendo wa madai. Anataka kujua kama ataikuta hati yake akirudi kesho.

Gazeti hili linasema wazi: namna tunavyowafundisha wanafunzi wa sheria maadili ya uwakili imeshindwa, na imeshindwa mahali ambapo wakuu wa taaluma hawataki kutazama. Kanuni zipo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ipo. Kanuni za Mwenendo na Adabu za Mawakili za mwaka 2018 zipo, na ni ndefu, na zinagusa karibu kila kitu, kuanzia siri ya mteja hadi matangazo ya biashara. Somo la maadili limo katika ratiba ya Shule ya Sheria, na mwanafunzi hulifanyia mtihani. Akimaliza darasa, anapelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili kujifunza kazi kwa vitendo. Huko ndiko yote aliyoyasoma yanakofutwa.

Chukua jambo dogo kabisa, kiapo. Kila aliyewahi kupotelewa na kitambulisho, au kuhitaji uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, anajua jinsi viapo vinavyopatikana. Unaingia katika duka la kuchapa karatasi jirani na mahakama, unataja jina lako, unalipa, unasubiri kidogo, na karatasi inarudi ikiwa na muhuri na saini ya kamishna wa viapo ambaye hujamwona na hajakuona. Hukuapa mbele ya mtu yeyote. Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, inasema katika kifungu cha 8 kwamba kamishna ataeleza kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Kwa hiyo karatasi ile iliyosema "ameapa mbele yangu leo" ni uongo ulioandikwa na mtu wa sheria, kwa muhuri aliopewa na sheria.

Katika ofisi za namna hiyo, anayebeba karatasi kutoka meza moja kwenda nyingine ni nani? Mara nyingi ni mwanafunzi aliye kwenye mafunzo. Anaagizwa agonge muhuri kwa sababu bosi yuko safarini Dodoma. Anaambiwa arudishe tarehe nyuma kwa siku mbili ili maombi yasionekane yamechelewa. Anaambiwa akatafute rafiki wa ofisi ya pili aweke saini, kwa kuwa kifungu cha 7 kinamkataza wakili kuapisha katika shauri analoliendesha mwenyewe, na huyo rafiki ataweka saini bila kumwona muapaji, kama ambavyo bosi humwekea yeye siku nyingine. Darasani mwanafunzi aliandika jibu sahihi kuhusu vifungu hivyo na akapata alama. Ofisini amejifunza kwamba jibu lile lilikuwa la mtihani.

Wapo watakaosema kiapo cha kitambulisho ni jambo dogo. Wakawaulize wananchi ambao maombi yao yametupwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ya kiapo chenye dosari. Mtu amesubiri miaka, amelipa ada, amesafiri kutoka Kigoma au Songea, na siku ya kusikilizwa majaji wanasoma mstari wa mwisho wa kiapo na hawaoni mahali, au wanaona tarehe isiyolingana na mengine. Shauri linaondolewa bila hata kufika kwenye kiini chake. Aliyekosea ni wakili, na anayekosa ardhi ni mteja. Anayejifunza kuona mambo hayo kuwa madogo akiwa na miaka 24 atayaona kuwa madogo akiwa na miaka 50, na wakati huo yeye ndiye atakuwa bosi anayepangiwa wanafunzi.

Tunaposema haya tunajibiwa mara kwa mara kwamba maadili hayafundishwi shuleni. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na aliyekosa malezi kwao hatayapata kwa mhadhiri. Jibu hili linapendwa sana na watu wazima wa taaluma, nasi tunalikataa. Tunalikataa kwanza kwa sababu linawaondolea wajibu wao. Zaidi ya hapo, tunalikataa kwa sababu ni kosa la kutoijua kazi yenyewe.

Maadili ya uwakili hayafanani na tabia njema ya nyumbani. Mahali pengine yanagongana nayo uso kwa uso. Mfikirie wakili kijana aliyelelewa vizuri, mpole, mwenye heshima kwa wakubwa. Anaingia mama mjane, ameandamana na shemeji yake. Wote wawili wanamwita "mwanangu". Wanataka awasaidie kufungua shauri la mirathi ya marehemu, na wanasema hawana ugomvi, wao ni familia moja. Malezi yake yote yanamwambia awasikilize wote, awapatanishe, asiwagawe, asimwambie mzee wa watu atoke nje. Taaluma inamwambia kinyume. Lazima aamue palepale mteja wake ni nani, amweleze mwingine kwa adabu kwamba atafute wakili wake, na asipokee siri za pande zote mbili. Akifuata malezi, ataandika karatasi za wote. Baada ya miezi michache shemeji atataka nyumba ya Mbagala iuzwe, mama atakataa, na wakili atakuwa amekalia siri za wote wawili huku akishindwa kumtetea yeyote. Kijana huyo hakuwa mwizi. Alikuwa mtoto mwema ambaye hakufundishwa mgongano wa maslahi kwa namna ambayo ingemfaa mbele ya mjane na shemeji.

Au fikiria siri. Katika mtaa wowote wa kwetu, mtu akikwambia ameiba ng'ombe wa jirani, wema unakutaka umwambie jirani. Wakili akiambiwa hivyo na mteja wake kuhusu jambo lililokwisha kutendwa, hatakiwi kulitoa, hata kwa mke wake, hata mteja akishafariki. Wakati huohuo hatakiwi kusimama mbele ya hakimu na kusema jambo analojua ni uongo, wala kumwita shahidi anayejua anakuja kudanganya. Vilevile ana wajibu wa kuionyesha mahakama uamuzi wa mahakama ya juu unaomuumiza mteja wake, iwapo upande wa pili haukuuona. Hakuna mama anayemfundisha mwanawe mambo haya jikoni. Ni magumu, yanabishaniwa na wanasheria wenye mvi, na kijana hawezi kuyapata kwa kuwa mtu mwema tu. Anatakiwa ayafanyie mazoezi kama anavyofanyia mazoezi maswali ya dodoso.

Kisha kuna heshima kwa wakubwa, ambayo ndiyo inayowaponza wengi. Tumelea vijana wetu wasimjibu mkubwa. Bosi wa ofisi ya uwakili ni mkubwa kwa umri, kwa cheo na kwa jina. Mwanafunzi yuko pale kwa hisani yake, wengi hawalipwi chochote, na ripoti ya mafunzo inahitaji saini ya bosi huyohuyo. Anapoambiwa "peleka bahasha hii kwa karani wa mahakama, mwambie ni ya chai", kijana aliyelelewa vizuri zaidi ndiye atakayeshindwa zaidi kukataa. Kwa hiyo malezi ya nyumbani hayatoshi, na hapa yanageuka kuwa kamba anayofungiwa nayo. Shule isipompa maneno ya kukataa kwa adabu, na mahali pa kukimbilia akishakataa, imemtuma pale mikono mitupu.

Marekani walijifunza haya kwa aibu kubwa. Juni 1973, wakati wa kashfa ya Watergate, John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu ya Rais Nixon, alieleza mbele ya kamati ya Seneti kuhusu orodha aliyoiandika ya watu waliohusika. Alikuwa ameweka alama kwenye majina ya wanasheria, na wingi wao ulimshtua yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasheria wa Marekani kiliamua kwamba kila chuo cha sheria kinachotambuliwa nacho lazima kifundishe maadili ya taaluma, na tangu 1980 umekuwapo mtihani maalumu wa maadili ambao majimbo mengi huudai. Hata hivyo, Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha mahakamani kesi zisizokuwapo duniani, zilizotungwa na programu ya ChatGPT. Jaji hakuwalaumu kwa kutumia programu tu. Kilichomkera ni kwamba walipoulizwa ziko wapi kesi hizo, hawakukiri mapema, waliendelea kuzishikilia. Mtihani walikuwa nao. Walichokosa ni mazoea ya kusema "nimekosea, Mheshimiwa" kabla mambo hayajaharibika. Programu hiyohiyo iko kwenye simu za wanafunzi wetu leo, na ofisi nyingi zitawaachia waandike hoja bila mtu wa kuzikagua.

Sasa tuwatazame wenye wajibu, mmoja baada ya mwingine, bila kuficha.

Vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya kwanza ya sheria vinakaa na kijana miaka mitatu au minne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo maadili hayatajwi. Anasoma sheria ya mikataba bila kuulizwa wakili afanye nini akigundua mteja wake anauza kiwanja kilekile mara ya pili. Anasoma sheria ya jinai bila kuulizwa wakili afanye nini mshtakiwa akimwambia ukweli usiku wa kuamkia kesi. Tazama pia mashindano ya mahakama igizo, ambayo vyuo vinajivunia. Mwanafunzi anapewa upande, anapigania upande huo, anashinda kikombe. Ni mara ngapi jaji wa mashindano amempunguzia alama mshindani kwa kunukuu nusu ya uamuzi na kuificha nusu inayomuumiza? Tunamzawadia kijana kwa ushindi pekee, halafu tunashangaa anapoingia mahakamani akitafuta ushindi pekee.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, na mwishoni mwa muongo huo kilikuwa na kamati yake ya msaada wa kisheria, ambako walimu na wanafunzi waliwahudumia bure watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Hapo mwanafunzi alimwona mwalimu wake akiwa kazini. Alimwona akimwambia mtu maskini kwamba kesi yake haina nguvu na asipoteze nauli. Alimwona akikataa kuku aliyeletwa kama shukrani kabla ya hukumu, au akimpokea baada ya kueleza ni kwa nini. Mambo hayo yanaingia kwa macho. Vyuo vyetu vya leo vina wanafunzi wengi mno, hilo tunalijua, lakini vingi vina vituo vya msaada wa kisheria vinavyofunguliwa kwa ajili ya maonyesho ya wiki ya sheria, kisha vinafungwa. Hilo halitokani na wingi wa wanafunzi.

Shule ya Sheria kwa Vitendo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kazi 2008, kwa kusudi hili hasa, kumchukua mhitimu anayejua sheria na kumfanya afae kuifanyia kazi. Tunaiheshimu, na hatuungani na wanaotaka ilegeze mitihani ili namba zipendeze. Tunachodai ni kwamba ugumu wake uende mahali panapostahili. Mtihani wa maadili unaoweza kufaulika kwa kukariri kanuni usiku mmoja haupimi maadili. Mwanafunzi apewe jalada lililojaa mitego: barua ya mteja inayokiri jambo, risiti ya fedha isiyoeleweka, jina la shahidi ambaye ni shemeji wa wakili. Akae mbele ya jopo, wakili mmoja mzee na jaji mstaafu, aulizwe angefanya nini Jumatatu asubuhi, na kwa nini. Akishindwa hapo, alama zake za juu katika masomo mengine zisimwokoe.

Afundishwe fedha pia. Hili ndilo eneo lenye machozi mengi kuliko yote, na ndilo linalopitiwa haraka. Fidia ya ajali, fidia ya ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya mradi, mafao ya aliyeachishwa kazi: fedha hizi mara nyingi hupita kwa wakili kabla ya kumfikia mwenyewe. Taaluma inataka ziwe katika akaunti ya wateja, mbali kabisa na fedha za ofisi, na kila shilingi iweze kuonyeshwa ni ya nani. Wakili anayekopa humo kulipa kodi ya pango akitumaini kurudisha mwisho wa mwezi ameshavuka mstari, hata kama atarudisha. Ni wanafunzi wangapi wanaomaliza mafunzo wakiwa wamewahi kukaa na daftari la akaunti ya wateja na taarifa ya benki na kuzilinganisha? Ni wangapi wamewahi kuandika makubaliano ya ada kwa Kiswahili ambacho mteja anakielewa, yenye kueleza atalipa nini, lini, na nini kitatokea akishindwa kesi? Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoongoza ada. Mteja wa kawaida hajawahi kuisikia, na kijana anayejifunza katika ofisi ambako ada hutajwa kwa kumtazama mteja viatu hataisikia pia.

Tangu mwaka 2021 sheria zetu zimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kanuni za maadili za 2018 ziliandikwa kwa Kiingereza. Mteja anayelindwa na kanuni hizo anastahili kuzisoma kwa lugha yake, na mwanafunzi anastahili kufundishwa kuzieleza kwa lugha atakayoitumia mbele ya mteja huyo. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa wala kamati mpya.

Lakini tunarudi kwenye ofisi za mawakili, kwa sababu hapo ndipo penye jeraha. Mawakili waliosajiliwa nchini wamepita 10,000. Miongoni mwao wapo waungwana wengi, wanaofungua ofisi saa mbili asubuhi, wanaomwambia mteja ukweli, wanaorudisha chenji. Wapo pia wanaojulikana. Tunalisema neno hili kwa makusudi: wanajulikana. Makarani wa mahakama wanawajua, mahakimu wanawajua, mawakili wenzao wanawataja wakiwa faragha na kuwasalimia kwa "wakili msomi" wakiwa hadharani. Kesho yake mwanafunzi anapangwa kwenda kujifunza kwao, kwa sababu ofisi yao iko karibu na anapoishi, au kwa sababu wamekubali kumpokea na wengine wamekataa.

Hakuna hospitali inayomkabidhi mwanafunzi wa udaktari kwa daktari ambaye wenzake wasingemruhusu amtibu mtoto wao. Uwakili unafanya hivyo kila msimu wa mafunzo.

Kwa hiyo tunatoa madai yetu kwa Shule ya Sheria, kwa Chama cha Mawakili Tanganyika na kwa Kamati ya Mawakili, ambayo inaongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu na ina mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha na kuliondoa jina lake katika orodha. Itengenezwe orodha ya ofisi zinazostahili kupokea wanafunzi, na iwe ya wazi. Wakili aliyetiwa hatiani kwa kosa la mwenendo asiingie humo hadi muda wa kutosha upite. Anayepokea mwanafunzi asaini kwamba atamlea kwa mujibu wa kanuni, na ikithibitika alimtuma kugonga muhuri wa uongo au kupeleka bahasha, kosa hilo lihesabiwe kuwa zito kuliko angelifanya peke yake, kwa sababu amelifanya mara mbili, kwa mteja na kwa mwanafunzi. Kuwe na mtu mmoja Shule ya Sheria, mwenye jina na namba ya simu, ambaye mwanafunzi anaweza kumweleza yaliyompata bila kupoteza mwaka wake. Akiondoka katika ofisi kwa sababu ya uchafu alioukuta, apangiwe nyingine ndani ya wiki hiyo.

Umma huisikia Kamati ya Mawakili pale anapoitwa wakili mwenye jina katika siasa, na kila upande huona ulichotaka kuona. Hali hiyo imeliharibu neno maadili masikioni mwa vijana wengi. Wanadhani maana yake ni kumnyamazisha msema kweli. Dawa ni kuwaonyesha kazi ya kila siku ya Kamati: mteja aliyedhulumiwa fedha, wakili aliyeacha kufika mahakamani, hati iliyopotea. Maamuzi hayo yafundishwe darasani, moja baada ya jingine, kama yanavyofundishwa maamuzi ya Mahakama ya Rufani. Wakili anayeitetea haki ya mtu asiyependwa na wakubwa anafanya kazi ya wito wake, na mwanafunzi afundishwe kumtofautisha na anayekula fidia ya yatima.

Tunajua watakavyojibu. Watasema ofisi hazitoshi, na kwamba tukichagua sana wanafunzi watakosa pa kwenda. Hatukubali. Iko Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iko Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, wako wanasheria wa halmashauri, viko vituo kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), ambavyo kila siku vina foleni ya watu wasio na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua mlango huo rasmi. Ofisi nzuri moja ikipokea wanafunzi watatu kwa zamu, itafaa kuliko ofisi tatu zinazopokea mmoja mmoja na kumharibu. Na ikibidi wengine wasubiri miezi kadhaa, wasubiri. Kusubiri kunaudhi, lakini hakumharibu mtu.

Kwa wanafunzi wenyewe tuna neno moja. Mtaambiwa kwamba kila mtu hufanya hivi, kwamba mtaacha mkishakuwa na ofisi zenu. Msikubali. Siku mnayoapishwa, Jaji Mkuu hatawauliza bosi wenu alikuwa anafanyaje. Saini itakuwa yenu. Mkikataa kugonga muhuri mbele ya kiti kitupu na mkafukuzwa, njooni mseme, na gazeti hili litaandika.

Kundi lijalo litapangiwa vituo vya mafunzo, na orodha itasainiwa na watu wazima wanaojua wanachokisaini. Ofisi isiyoweza kuionyesha Shule ya Sheria daftari la akaunti ya wateja wake, na kamishna wa viapo asiyeweza kueleza alikuwa wapi siku aliyoandika "ameapa mbele yangu", majina yao yafutwe katika orodha hiyo kabla haijasainiwa.